Uzi wa Chini

Saa nne asubuhi, Ng'ambo, Tabora,
na mguu wangu umegoma juu ya pedali.
Sketi thelathini za shule, za buluu,
zimelala mezani zinanitazama.
Wifi yangu Mwashi kapita na ndoo:
"Bado umekaa tu?"
Nimekaa tu. Ndiyo.

Usiku niliamka mara sita.
Choo kiko nyuma ya banda la kuku;
tochi ya simu, kandambili, umande.
Mbwa wa jirani siku hizi hanibwekei,
ananihesabu mlinzi mwenzake.

Walisema minyoo. Wakasema chango.
Wakasema kuna mtu kanitupia jicho.
Nikanywa mizizi hadi ulimi ukafa ganzi,
nikapanda basi hadi Mwanza,
kamera ikapita kusikotajwa
ikarudi na habari: vidonda, utumbo mpana,
askari wa mwili wanampiga mwenye nyumba.

Kitete, daktari Nkwabi akafunua faili.
"Damu yako saba. Inavuja kidogo kidogo,
hata siku usizoiona."
Nikacheka. Akashangaa.
Nikamwambia, daktari, hiyo ni bobini.
Uzi wa juu unauona unacheza,
wa chini umeisha zamani,
na sindano haina habari, tak tak tak,
inatoboa kitambaa, haishoni kitu.
Unafika mwisho wa pindo, unavuta:
nguo inaachana mikononi.

Akaniandikia vidonge vya madini ya chuma.
Damu ikapanda, kumi na moja na nusu.
Vidonda vikanyamaza.
Uchovu ukabaki, umekunja miguu
kama mgeni asiyeulizwa anaondoka lini.

Nikarudi kumuuliza, mbona?
Akavua miwani.
Pengine dawa, akasema. Pengine moto
uliopungua bila kuzimika. Pengine hofu,
pengine misuli imesahau kazi.
"Na mengine hatujayajua."
Nilimpenda kwa neno hilo.
Nilikuwa nimechoshwa na wanaojua.

Leo nimeshona sketi nne.
Nikajilaza chini ya meza ya kukatia,
juu ya vipande vya kaki,
hadi honi ya treni ya Mpanda iliponiamsha
nikiwa vilevile.

Mwashi yuko kwenye cherehani.
Ndoo kaiacha mlangoni.
Kafunua kibati, kachomoa bobini,
kaiinua kwenye mwanga wa dirisha.
"Hii nayo imeisha," akasema,
akaanza kuijaza, taratibu,
bila kunitazama.