Bajeti ya Chumvi

Ukumbi wa kaunti, kaskazini mwa Minnesota, Februari.
Kipasha joto kinakohoa
kama mwanakwaya anayengoja zamu yake.
Sijavua koti la kazi, lile la rangi ya chungwa,
maana tangu saa tisa usiku nilikuwa barabarani
nikisukuma theluji kwa lori la tani kumi na nane.

Mwenyekiti Haugen ananionyesha taa:
Dakika tatu, mama. Ikiwaka nyekundu, unakaa.

Mstari wa arobaini na saba wa kabrasha lenu
unasomeka "Huduma za Awali kwa Vijana."
Mmeupigia mstari mwingine juu yake, wa wino.

Nitaanza na friji.

Oktoba ya mwaka juzi mwanangu, miaka kumi na tisa,
aliacha kula nyumbani
kwa kuwa friji ilikuwa ikilitaja jina lake
herufi moja moja, usiku kucha,
na kilichomuudhi zaidi, alisema,
ni kwamba ilikosea tahajia.
Tulicheka. Naapa tulicheka wote wawili,
mimi nikidhani ni mzaha,
yeye akinichungulia usoni
aone kama nami nimeisikia.

Kisha akaibandika plasta kamera ya kompyuta.
Kisha akaacha chuo, ufundi wa kuchomelea vyuma,
zikiwa zimebaki wiki sita.
Kisha akawa analala na viatu.

Hajaugua bado, walisema hospitalini.
Mrudishe akizidiwa.
Akizidiwa!
Aliye ukingoni huambiwa hivyo?
Anguka kwanza, ngazi iko kule chini?

Juu ya duka la rangi, Mtaa wa Tatu, kuna vyumba vinne.
Humo yumo Pelkie, mwenye soksi zisizofanana.
Wiki tatu hakumuuliza mwanangu swali hata moja la maana.
Walicheza karata. Pelkie alishindwa,
sijui kwa kusudi.
Wiki ya nne mwanangu akamweleza habari za friji,
na Pelkie hakucheka, wala hakuandika.
Aliuliza tu: Na wewe huwa unaijibu nini?

Kamishna wa kushoto anainua kalamu:
"Lakini unajuaje, mama, kwamba angeugua kweli?
Wengine haiwafiki. Takwimu zasema hivyo."

Sijui.
Sijui, bwana, na Pelkie mwenyewe hajui.
Ila nimeendesha lori la chumvi miaka ishirini na miwili,
na hakuna mwaka mlioniuliza
ni magari mangapi hayakuteleza.
Hayo hayana orodha. Hayana picha gazetini.
Yule aliyefika kazini salama, akalalamikia kahawa,
hatajua kamwe kwamba kona ile ilimtaka.
Na chumvi mnainunua Agosti, watu wamevaa kaptula,
mnatia sahihi bila kuinua macho.

Najua methali ya ufa na ukuta. Sitaitumia.
Mwanangu si ukuta.
Ni mtu anayetia sukari kwenye mayai,
ambaye juzi usiku alifungua friji,
akasimama mbele ya mwanga wake kitambo,
akatoa maziwa,
akaufunga mlango kwa goti.
Basi. Maziwa.
Nilikaa ngazini, gizani,
nikimsikiliza anavyomimina.

Taa nyekundu. Nakaa.

Wanapiga kura ya kuahirisha hadi Aprili,
"tutakapokuwa na picha kamili."
Mkataba wa Pelkie unaisha Machi.
Hakuna anayelisema hilo; dakika zangu zimekwisha,
na ajenda inayofuata ni maegesho.

Mlangoni karani ananivuta mkono wa koti.
"Samahani, kwa kumbukumbu za kikao. Jina la kijana?"
Eirik. Ameniruhusu nilitaje.
Anaandika. Nachungulia begani kwake:
amekosea.

Nje theluji imeanza tena, lori linaningoja,
redio yangu inaniita kutoka mfukoni.
Naegemea meza yake hata hivyo,
namtajia polepole,
herufi moja moja,
E, I, R,
I tena,
K,
na siondoki
mpaka ameliandika sawa.