Zima

Kanda ina ufa pembeni, imefungwa plasta
ile ya kidonda, maana gundi nyingine haikuwepo.
Halszka anaitia redioni kama mtu alazaye mtoto,
anabonyeza, na gitaa linaanza kukwaruza
mithili ya sepetu juu ya makaa ya mawe.

Kretowisko. Vijana wanne wa hapa Zabrze,
bendi iliyojiita kifusi cha fuko
kwa kuwa mji wote umechimbwa chini
na nyumba, anasema, huinama usiku bila kuaga.

Kiitikio ni neno moja. Zima.
Mara nane. Mara ya tisa mwimbaji anakohoa.

"Majira ya baridi," ananifafanulia,
"ila si baridi hii ya kuvaa soksi mbili.
Ni ya mwaka ule vifaru vilipoegeshwa
mbele ya duka la mikate, simu zikafa,
na Gerwazy, kaka yangu, akaenda zamu ya usiku
tukamwona tena mwezi wa tano,
meno mawili pungufu, hasemi."

Pan Wieńczysław wa ghorofa ya tatu hakubali.
Ameshuka na kandambili, kikombe mkononi:
wimbo unamhusu mke wa mpiga ngoma
aliyefungasha Januari akaenda zake.
"Macho yake barafu tupu. Nilimjua mimi.
Sufuria yake ninayo mpaka leo."
Halszka anacheka hadi anashika meza.
Na mkaguzi wa nyimbo, wanasimulia,
alisoma mashairi yote, akapiga muhuri:
Yahusu hali ya hewa. Ruksa.

Mimi nimenyamaza, lakini sikio langu halina adabu.
Wao wakisikia baridi, lenyewe linasikia amri:
zima taa, zima jiko,
mzime na huyo anayeimba.
Mara nane mtu anapita mtaa kwa mtaa
akibana swichi, dirisha baada ya dirisha,
na kile kikohozi cha mwisho
ni chake, gizani, amejikwaa.

Nikamweleza Halszka. Akainua nyusi.
"Hilo hawakuliandika."
Hawakuliandika, kweli. Lakini limo.
Kisha, kwa kuwa mdomo ukishafunguka haufungwi,
nikamwambia neno hilo hilo kwetu
likikaa nyuma ya jina la kitu
lasema kitu hicho hakikupungua:
boga zima, jiji zima.
Akatazama redio kama imemdanganya
miaka yote hii.

Jumapili tukaibeba kanda kwa Gerwazy.
Alikuwa akimenya viazi, ganda jembamba, refu, halikatiki.
Alisikiliza wimbo wote amesimama.
Tulingoja. Nilijiona kama mwanafunzi
aliyeleta daftari kwa mwalimu mwenye jibu.

"Uzi wa pili umelegea," akasema.
"Mpiga gitaa alikuwa amelewa. Na mmeweka upande B.
Wimbo wenye maana uko upande wa kwanza,
ule wa baiskeli."

Basi. Halszka akaangalia dirishani.
Mimi nikachukua kisu, nikasaidia viazi.

Ni baadaye, maji yalipoanza kuchemka,
aliponiuliza bila kugeuka: lugha yako ile,
Halszka ameniambia, hebu toa mfano.
Ulimi haukunishauri. Ukatoa wa karibu:
"Jino zima."
Nikatamani ardhi, iliyokwisha chimbwa tayari, inimeze.

Akalirudia. Jino zima.
J yake ilikwaruza kooni, zima yake ilikuwa safi, ya hapa hapa,
theluji na magurudumu ya chuma ndani yake.
Akalisema tena, ulimi ukipita penye pengo
kama mtu apapasaye ukuta akitafuta swichi.

Kisha kanda ikanasa, utepe ukamwagika
mweusi, wa kung'aa, juu ya maganda.
Akachukua penseli, akaichomeka kwenye tundu,
akaanza kuurudisha, mzunguko kwa mzunguko,
akatukataza kugusa.