Jino

Theluji ya kwanza imeshuka Duluth
na Marit Sandvik, mwenye karakana ya madirisha,
ameketi jikoni na kikokotoo cha marehemu baba yake,
kile ambacho saba yake husomeka moja.
Kila Novemba ni hivi: bima ya afya, akiba ya uzeeni,
siku za ugonjwa,
kahawa inayopoa kabla ya jumla kupatikana.

Mwaka juzi alifuta bima ya meno.
"Meno," alisema, "hayafungi madirisha."
Akaokoa dola elfu sita na mia nne,
akapaka upya gari la mizigo.
Rangi ya samawati. Ilipendeza.

Machi, Tou Vang akaweka funguo mezani.
Miaka kumi na tisa alikata vioo
kwa mkono usiojua kutetemeka.
Hakuja na hasira. Alisema tu:
"Jino la Mai limeoza.
Kule ng'ambo ya daraja wanalipia."
Mai ana miaka minane.
Baiskeli yake alinunuliwa na Marit.

Tunaonywa kwamba ufa usipozibwa
tutajenga ukuta;
hatuambiwi ukuta ni dola ngapi.
Marit anajua. Anazo risiti:
matangazo ya kazi, wiki tano;
vijana watatu, mmoja baada ya mwingine,
wa mwisho aliondoka saa ya chakula na koti la mwenzake;
vioo arobaini na viwili, vipande;
na kanisa moja ambalo madirisha yake yalichelewa
hata wakaimba Pasaka nyuma ya plastiki.

Safari hii hapangi peke yake.
Amewauliza, mmoja mmoja, kando ya msumeno.
Delphine anataka akiba, magoti yamemchoka.
Orrin hataki kitu, kisha anarudi mlangoni:
kama zingepatikana siku za kumuuguza mama.
Hakuna aliyetaja ile meza ya mpira
aliyowanunulia kwa moyo mkunjufu.

Sasa tarakimu zimekaa. Zinauma, lakini zimekaa.
Kodi nayo imepungua kidogo,
mhasibu ametabasamu, mara ya kwanza tangu kiangazi.
Je, huu ni wema au ni biashara?
Dada yake humuuliza kila Jumapili.
Marit hukata mkate, humpa kipande kikubwa,
hajibu.

Tou hakurudi.
Lakini Jumatatu mpwa wake alikung'uta theluji kizingitini,
kijana mrefu, vidole vya mjomba wake kabisa,
akakataa kiti, akakataa kahawa.
"Mjomba anakusalimu," akasema.
"Kasema kabla sijagusa kioo chochote,
nikuulize kwanza habari za meno."