Shikamoo, au Habari?

Saa tano usiku, Chang'ombe. Bando la mia tano
limebaki robo, nami nimekwama kwenye salamu.
Pichani amevaa kofia ngumu ya njano,
kivuli cha ukingo kimemmeza macho.
*Mhandisi N. Luhende. Maji chini ya ardhi. Miaka kumi na tisa kazini.*
Nikimwamkia, huenda nikamzeesha.
Nisipomwamkia, mama yangu aliye Mvumi
atalijua kosa hilo kabla sijalituma.

Nikaandika shikamoo. Nikafuta.
Nikaandika habari za kazi. Ikawa kama nadai deni.
Mwisho nikaziweka zote mbili, bega kwa bega,
kama wagonjwa wasiojuana kwenye benchi la zahanati,
kisha nikamwaga yote:
shahada yangu, mwaka wa tatu huu nauza chaja na kava pale Majengo,
wadogo zangu wawili, ada,
naomba konekisheni, mheshimiwa, kazi yoyote ile,
hata ya kubeba mabomba.
Nikaambatisha wasifu, kurasa nne,
na cheti cha kuhudhuria semina ya siku moja.

Tiki moja. Tiki mbili. Kimya.

Hakuwa wa kwanza. Nilishawaandikia kumi na wanane.
Mmoja alinijibu kidole gumba.
Mmoja alinitumia namba ya kulipia fomu.
Mmoja, Mungu amzidishie, alisema tu: sina, mdogo wangu,
na hiyo *mdogo wangu* niliishi nayo wiki nzima.

Siku ya arobaini na moja
simu ikatetemeka juu ya kioo cha kabati.
*Marahaba. Na nzuri.*
Amejibu zote mbili!
*Kazi sina ya kukupa. Wasifu wako sijausoma, ni mrefu.
Ila nimeona umetaja Mvumi.
Maji ya kule yanaanza chumvi mita ya ngapi?
Unajua, au ulisoma tu?*

Nilisoma tu.

Jumamosi nikafunga kibanda, nikaenda nyumbani.
Mama alikuwa korongoni, ndani ya shimo hadi mapajani,
anachota kwa kata.
Nikamwuliza. Akanitazama kama aliyeulizwa jina lake.
"Kile cha pampu kwa Chilewa, chumvi. Cha misheni, nafuu.
Hapa mchangani ni matamu, ila usichimbe kwa pupa.
Ukifika penye unyevu, simama, yaje yenyewe.
Ukiyafuata na jembe utakunywa tope."
Hakuwa ananifundisha kitu.
Alitaka nishike ndoo.

Nikaandika upya, mistari sita. Visima vitano,
urefu wa kamba, ladha, mwezi wa kukauka.
Sikuomba. Niliuliza kimoja tu:
kwa nini cha misheni kina nafuu,
na kutoka kwa Chilewa ni hatua mia tatu?

Jibu lilikuja usiku uleule, kwa sauti,
dakika saba, mbwa anabweka nyuma huko Shinyanga,
na katikati ya habari za mwamba uliopasuka
mtoto akaita, "Mama, Nyangeta kanimwagia uji!"
Mama.
Na mimi siku zote hizo, chini ya ile kofia,
nilikuwa nimempachika ndevu.

Nisidanganye: bado nauza chaja.
Lakini daftari lina visima ishirini na tatu,
na kila Jumapili jioni huniuliza, bila salamu,
*Wiki hii umepima nini?*

Jana asubuhi, namba nisiyoijua.
*Shikamoo kaka. Habari za kazi. Samahani kwa usumbufu.*
Jina ni Ndahani, yuko Bahi. Kurasa nne.
Cheti cha semina.
Mteja amesimama anataka kava nyekundu, nikamwambia ngoja.
Nikasoma zote, hadi wadhamini,
maana najua zinavyoandikwa.
Nikaandika marahaba.
Nikarudi ukurasa wa pili, tarehe ya kuzaliwa:
ananizidi miaka miwili.
Nikafuta.

Kidole kiko juu ya kioo. Mteja anakohoa.
Nimekwama kwenye salamu.