Bei Haikukaa

Miaka kumi na sita napima bizari Marikiti.
Kiganja changu hujua robo kilo
kabla mizani haijatamka.
Basi usinijie na neno ghali, ukaliacha hapo.
Ghali kwa nani? Ghali kuliko jana, au kuliko kesho?

Swabri wa kaka yangu ameweka simu juu ya gunia la bizari,
anionyesha mstari wa kampuni ya saruji:
wapanda, wapumua kidogo,
kama mtu apandaye orofa ya nne Kibokoni na ndoo ya maji,
kisha wapanda tena.
Sitini na moja, shangazi. Mwaka jana thelathini na nane.
Na mwaka jana ulikuwa wapi?
Acheka. Mwaka jana alikuwa akingoja ishuke.

Kungoja nakujua.
Marehemu baba alipewa kiwanja Bamburi,
vichaka na tumbili, kwa elfu arobaini.
Akasema, wamelewa hawa, bei hii haikai.
Kweli haikukaa.
Ilikwenda juu, wala haikuaga.
Leo pale pana ghorofa na bwawa la kuogelea,
nasi tungali wapangaji, Guraya.

Lakini namjua na Mbwarali, meza ya tatu kutoka mlangoni,
aliyebeba iliki magunia sita mwezi wa Shaabani
bei ikiwa imegusa dari,
kwa kuwa kila mtu alikuwa akibeba.
Iddi ikapita, iliki ikashuka.
Mwaka mzima Mbwarali alinukia vizuri,
na deni lake likanukia naye.

Zamu yangu ya mchezo imefika: elfu themanini.
Kodi nimelipa. Ada ya Nuru nimelipa.
Pesa hizi hazina safari mwaka huu wala ujao.

Kampuni hii yapata faida gani kwa hisa moja?
Swabri akuna kisogo.
Mstari aujua. Saruji haijui.
Nenda kaulize.

Baada ya alasiri arudi, jasho, karatasi mkononi.
Shilingi nne.
Nikapiga hesabu kwenye gazeti la kufungia pilipili manga:
sitini na moja, kwa nne.
Miaka kumi na mitano na ushei
pesa yangu irudi nyumbani kwa miguu yake,
kama faida haikui.
Karibu umri wa meza hii.

Nilinyamaza kidogo.
Meza hii, siku naichukua, walisema pia ni ghali.

Ninunulie za elfu nane, nikamwambia. Mwezi ujao nane nyingine,
ipande, ishuke.
Si afadhali zote leo? Au tungoje?
Sikumjibu, mteja alikuwa amesimama.

Iliki imepanda, Bi Mwanasha?
Imepanda.
Akaiokota punje moja, akaipasua kwa ukucha,
akainusa macho yamefumba.
Nipe ya hamsini, akasema.

Nikampimia.