Maili Moja Bila Viatu

Basi dogo tumeliazima shule ya msingi,
viti vya watoto, magoti yetu yanagusa videvu.
Dereva ni Sista Gwenllian, Mwelshi,
anayekata kona kama anamkimbiza shetani.
Toka Leicester tumesali rozari moja na nusu;
nusu iliyobaki ilimezwa na maandazi yangu
na achari ya ndimu ya Sista Lissamma,
iliyomtoa Mama Mkuu machozi
ambayo mafungo ya siku nane hayajawahi kumtoa.

Tukafika. Kikanisa cha Ndara,
kidogo kama ghala la mahindi la baba,
kinanukia nta na makoti yaliyoloa.
Hapa, wanasema, mahujaji wa kale
walivua viatu,
wakaimaliza maili ya mwisho kwa nyayo tupu
mpaka Walsingham, kwa Bibi Yetu.

"Nani anavua?" akauliza Sista Oonagh.
Ana miaka themanini na mitatu,
nyonga moja ya Mungu, moja ya hospitali.
Alikuwa keshakaa ukutani, anafungua kamba.

Nikasita.

Mimi sikuukimbia umande.
Niliukanyaga miaka saba,
Njombe, mwezi wa Juni, nyasi zimeganda nyeupe,
visigino vimepasuka kama shamba la kiangazi.
Kipaimara kilipokaribia, mama akauza majogoo wawili
na debe la ulezi,
nikapata viatu, vyeusi, vikubwa,
gazeti limesindiliwa nchani.
Akasema: Dafrosa, usivivue tena mbele za watu.

Na hawa wenye makabati ya viatu
wanavua, wanacheka, wanaiita sala.

Nisamehe, mama. Nilivua.

Lami ya Norfolk ilikuwa baridi, kisha kokoto,
kisha tope laini alipopita mtu na trekta,
na nyayo zangu, ajabu, zilikumbuka.
Zilijua pa kutua.
Zilikwepa upupu kabla jicho halijauona.
Wenzangu wakaruka kama kuku kwenye majivu ya moto:
"Ai!" "Yesu wangu!"
"Samahani, Bwana, sikukusudia kulitaja bure!"
Nikawa mbele, mimi, mbele ya wote,
hadi nikakumbuka kutangulia si kufika,
nikarudi kumshika Oonagh mkono.

Tendo la pili la furaha:
Maria anakwenda kumtembelea Elizabeti.
"Unadhani alivaa viatu?" akaninong'oneza.
"Alivaa," nikasema. "Mama yake
asingemruhusu kutoka bila."
Akacheka mpaka akapoteza hesabu ya punje,
ikabidi fungu zima tulianze upya.
Ng'ombe watatu wakasogea uzioni kutusikiliza,
wanatafuna, hawaitikii.

Kijijini, katika uwanda wa majani,
limebaki tao moja la kanisa kuu la zamani:
dirisha lisilo kioo, lisilo nyumba,
anga yote imekaa ndani yake.
Hatukusema kitu.
Hata Gwenllian.

Mchana tukateremka hadi baharini, Wells,
chipsi zenye siki kwenye karatasi,
sketi zimepandishwa hadi kwenye ndama za miguu,
maji ya kijivu yanauma kama meno.
Shakwe akashuka, akaondoka na samaki mzima
wa Mama Mkuu.
Tukashika pumzi.
"Mwacheni," akasema, anajifuta vidole.
"Nadhiri ya ufukara niliweka mimi, si yeye."

Jioni, ndani ya basi, wamelala vinywa wazi,
Oonagh kichwa begani kwangu, soksi ziko mfukoni.
Nikampigia mama, kwa sauti ya chini.
Nikamsimulia yote: maili, tope, wazungu pekupeku,
nami miongoni mwao, na nilivyofurahi.

Akanyamaza. Nikadhani mtandao umekata.

Kisha: "Na viatu
ulimwachia nani?"