Tundu la Kiwavi

Miaka kumi na tisa mkono huu umeandika KINYOZI,
umeandika TUNACHAJI SIMU, umeandika USIKOJOE HAPA
kwenye kuta za Kariobangi, herufi nene kama matofali,
nyekundu, na kivuli cheusi, mtu azisome hata akikimbia.

Basi jani langu la kwanza, Jumamosi ile ya Julai
katika chumba cha Ngara juu ya mafundi cherehani,
lilitoka hivyo hivyo: pana, limekakamaa,
mshipa wa kati kama uliopigwa rula.
Gatwiri aliliinua kwenye mwanga wa dirisha.
Hakucheka. "Jani lako linapiga kelele," alisema.
"Lakini mkono hautetemeki. Hilo wengine
hulitafuta mwaka mzima."
Nikaibeba ile *lakini* hadi nyumbani
kama mtu aliyetia yai mfukoni.

Mmea wenyewe ni mnavu tu,
niliung'oa kando ya mtaro nyuma ya stoo
nikausimamisha kwenye kopo la rangi.
Jumapili. Jumatatu. Usiku stima ilipopotea, mshumaa.
Karatasi ya saba, ya kumi na moja.
Mnavu haungoji mtu: saa mbili, umeinamisha shingo,
na mimi bado nabishana na jani la tatu.

Nami nilidhani naujua! Nimeula tangu meno ya utotoni.
Kumbe mdomo ndio uliojua.
Jicho halikuwahi kuulizwa.

Syombua, anayechonga meno ya bandia River Road,
alinisogezea lenzi yake: "Hebu tazama.
Umetundika maua kwapani mwa jani.
Yenyewe yametokea wapi?"
Nikatazama. Kikonyo kimechomoza kwenye shina tupu,
kati ya jani na jani,
kama mlango uliotobolewa katikati ya ukuta.
Petali tano nyeupe zimekunjwa nyuma,
mdomo wa manjano unatazama chini.
Nilisikia aibu, nikasikia furaha,
na sijui ipi iliitangulia nyingine.

Kuna siku nilichana kila kitu.
Farah aliokota vipande, akavipanga mezani
kama anavyopanga mabaki ya vitambaa dukani kwake Eastleigh.
"Huu ukingo hapa," akasema, "sentimita tatu hivi, uko hai.
Anzia hapo."
Sentimita tatu. Mimi, niliyepaka bucha nzima kwa siku moja.

Septemba nikaleta karatasi ya thelathini na mbili.
Jani safi, kamili, halina doa.
Gatwiri akatazama mmea, akatazama karatasi, akarudi kwenye mmea.
"Hapa palikuwa na tundu."
Palikuwa. Nililiziba,
nilivyozoea kuziba nyufa kabla ya kupaka.
"Kiwavi alikula hapa," akasema polepole.
"Alikuwa na njaa yake. Kwa nini umemnyima?"

Jaribu kuchora tundu.
Huchori kitu. Unachora ukingo,
ule uzi wa kahawia jani lilipojiponya,
halafu unaiachia karatasi nyeupe iseme yenyewe
na unazuia mkono, unauzuia, unauzuia.
Sijawahi kutochora kitu kigumu kama kile.

Mwezi uliopita Kasiva wa mboga alitaka kibao kipya:
MNAVU TERERE SUKUMA, na picha pembeni.
Nilimpa herufi zake nene, zinazoonekana toka barabarani.
Pembeni, mnavu,
maua yakitokea pale yanapotokea,
na jani moja lenye tundu.
Akasimama mkono kiunoni.
"Nani atanunua mboga iliyokwisha liwa?"
Akasogea. Akagusa; rangi ilikuwa mbichi,
kidole kikabaki kijani.
"Hii ni ile ya alfajiri," akasema,
"kabla sijaifunga mafungu."

Alinikata shilingi mia.
Tundu, alisema, nisiliguse.